Mzee Halazwi Chini

Jumatatu, 3 Februari

Nimeosha gari. Mtungi wa oksijeni uko nusu. Gurudumu moja la machela lilikuwa linalia kama paka, nimelitia grisi. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mjamzito karibu na soko la Ruiri. Tumemfikisha hospitali salama. Kinoti, mwenzangu wa zamu, alikaa naye nyuma. Nilimsikia akimchekesha njia nzima. Mimi huwa naendesha tu.

Mchana Sista Wanja, mkubwa wa kituo chetu cha ambulensi, alitukusanya. Alikuja na mkufunzi, dada mpole mwenye begi jeusi. Ndani ya begi mlikuwa na kidude cha mazoezi ya CPR, yaani kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Ni cha mviringo, ukubwa wa kopo la rangi ya viatu. Unakiweka katikati ya kifua, mikono juu yake, unabonyeza. Ukibonyeza vya kutosha taa inakuwa kijani. Ukilegea inakuwa nyekundu, na mwanamke aliye ndani anakwambia kwa Kiingereza uongeze nguvu.

Dami wetu, sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi, ni wa zamani. Hana miguu. Alikuwa akilia tak! ukimbonyeza vizuri, lakini hiyo tak ilikufa miaka mingi. Tunamwita Mzee.

Tulipiga magoti kwenye simiti mmoja mmoja. Wote nyekundu. Mimi nyekundu. Kinoti nyekundu. Mkufunzi hakushangaa. Alisema kila mtu hudhani anabonyeza vya kutosha mpaka siku anapopimwa.

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Mpaka siku anapopimwa.

Jumanne, 4 Februari

Kazi kidogo leo. Nimekaa garini na kuwaza.

Mke wangu Karimi alifia Laare mwaka jana, kwa dada yake Nkirote, mwenye hoteli ndogo sokoni. Alikwenda kumsalimia, akamchukulia kabichi na maharagwe. Alianguka akiwa amesimama mlangoni, anacheka. Mimi nilikuwa Embu, nimepeleka mgonjwa. Ambulensi iliyomfikia ilikuwa ya kituo kingine, na aliyembonyeza kifua alikuwa Kinoti. Hakuamka.

Siku ya mazishi Nkirote alikuwa anaosha vikombe nyuma ya nyumba. Akaniambia bila kunitazama, "Yule kijana alikuwa kama anakanda unga wa chapati. Sikuona kifua cha dada kikishuka."

Neno hilo liko ndani yangu tangu siku hiyo, kama mwiba uliovunjikia kidoleni.

Kabla ya Krismasi Kinoti alihamishwa kwetu. Sista anasema aliomba mwenyewe. Kwa nini mtu aombe kufanya kazi na mume wa marehemu? Hajawahi kunitajia Laare. Hata mara moja.

Ijumaa, 7 Februari

Kinoti ameniletea nduma tena, magimbi ya kuchemsha. Anasema ni za mamake. Kila Ijumaa nduma. Nimezipokea na kusema asante, kisha nimempa Mama Kawira anayetupikia na kusafisha kituo. Sina hamu ya nduma za Kinoti.

Mama Kawira alikuja na jambo jingine leo. Alipomwona Mzee amelala kwenye simiti alishika kiuno.

"Nyinyi mna wazazi kweli? Mzee halazwi chini."

Tulicheka. Lakini yeye hakuwa anacheka sana. Kwetu mtu akianguka unamwinua. Unamtafutia mahali pazuri. Kuacha mtu mzima sakafuni ni kama kusema huna haja naye tena. Mama Kawira alileta godoro kutoka chumba cha zamu ya usiku, akamvalisha Mzee shati la mumewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni.

Sista alisema mkufunzi aliagiza mahali pagumu. Kinoti akalipiga godoro kofi.

"Sista, hii ni hai densiti, sponji nzito. Ngumu kuliko kichwa ya Baba Makena."

Wote wakacheka, hata Sista. Baba Makena ni mimi. Nilitabasamu kwa sababu nilitazamwa. Ukweli ni kwamba magoti yangu yalifurahia godoro kuliko mtu yeyote.

Jumatano, 12 Februari

Tunafanya mazoezi kila asubuhi baada ya chai. Tumeanza kupata kijani. Sista amefurahi, anasema kumbe kinachohitajika ni kurudia tu. Mimi pia nimepata kijani. Yule mwanamke wa ndani ya kidude ananyamaza kabisa nikibonyeza. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kufurahia kunyamaziwa na mashine.

Anayeshinda wote ni Kinoti. Taa yake haitoki kwenye kijani. Anabonyeza huku anaongea, huku anamtania Mama Kawira kuhusu shati. Anajifuta jasho kwa bega, anaendelea.

Nilipokuwa natazama nilipatwa na hasira, nikatoka nje. Ikiwa anajua kubonyeza hivyo, mbona Karimi hakuamka? Na kama amejifunza wiki hii tu, basi mwaka jana alikuwa hajui. Lolote kati ya hayo mawili haliniletei amani.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Nimekaa mahali petu. Karimi alikuwa anaweka peremende mbili kwenye mfuko wa koti langu kabla ya mahubiri, moja ya kwangu, moja ya kumnyamazisha mtoto yeyote atakayekaa mbele yetu. Leo mtoto alilia mbele yangu. Nilitia mkono mfukoni bila kufikiri.

Binti yangu Makena amepiga simu kutoka chuo. Anasema Kinoti alimtumia ujumbe kumuuliza kama babake anakula vizuri. Yeye anaona ni jambo jema. Nimemuuliza Kinoti aliipata wapi namba yake ya simu. Amesema aliichukua siku ya mazishi.

Mtu hawi mwema hivyo bila sababu. Anataka kujua nini? Anataka kujua kama ninajua.

Jumatatu, 17 Februari

Sista ametangaza. Mwezi ujao kituo kitatuma mtu Karurumo, upande wa Embu, kuwafundisha watu wa bodaboda na wahudumu wa afya wa vijijini. Hao ndio hufika kwanza mtu akianguka. Baadaye mafunzo yatakwenda Laare pia. Amemchagua Kinoti. Mimi nitakuwa dereva na msaidizi.

Watu wamempigia makofi. Mimi nimepiga pia, mara mbili hivi.

Laare. Atasimama katika soko lile lile, mbele ya Nkirote, afundishe watu kuokoa maisha.

Jumatano, 19 Februari

Leo sikutazama taa. Nilijifanya natafuta funguo chini ya benchi, nikainama mpaka macho yangu yakawa sawa na kifua cha Mzee. Kinoti alikuwa anabonyeza. Kijani, kijani, kijani. Lakini kifua chenyewe kilikuwa hakishuki vile. Vifungo vya lile shati vilikuwa vinakwenda juu na chini pamoja na mwili mzima, lakini kifua hakikuwa kinaingia ndani.

Nimeona kwa macho yangu. Ni kile kile alichokiona Nkirote.

Kwa hiyo ana ujanja. Labda anakilaza kidude upande. Labda anakitingisha kwa viganja. Vijana wanajua kudanganya mashine, wanafanya hivyo hata na mita za umeme. Ninachojua ni kwamba taa inasema ndiyo na kifua kinasema hapana, na mimi naamini kifua.

Nitamwambia Sista. Lakini nitasema nini? Kwamba nilikuwa chini ya benchi?

Ijumaa, 21 Februari

Nduma tena.

Tulikuwa wawili garini tukitoka kumshusha mgonjwa Meru mjini. Niliona hii ndiyo nafasi. Nikasema tu, "Laare kulikuwa na joto siku ile?" Nilishangaa swali lenyewe. Nilitaka kusema kitu kingine.

Kinoti alitazama dirishani. Kisha akasema gari linanuka dizeli, nisimame akague. Nilisimama. Alikagua. Hakukuwa na kitu. Alirudi na macho mekundu, akasema ni vumbi.

Vumbi. Barabara hiyo ni ya lami.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi mtu alimwaga uji kwenye godoro. Sufuria nzima. Mama Kawira alilalamika mpaka akachoka, akaliosha, akaliburuta nje juani. Mzee akabaki kwenye simiti na shati lake. Hakuna aliyejali. Tulianza mazoezi kama kawaida.

Kinoti alipiga magoti, akaweka kidude, akaanza. Nyekundu. Akacheka, akajipanga upya. Nyekundu. Yule mwanamke akaanza kumwambia aongeze nguvu. Aliongeza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Taa ikawaka kijani kidogo, ikarudi nyekundu.

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi sana. Nilijisemea moyoni, nimekushika. Leo hujapata nafasi ya kutingisha kitu. Huyu ndiye wewe halisi, na huyu ndiye aliyekuwa na Karimi.

Nikasema kwa sauti, "Niachie." Nilitaka kila mtu aone tofauti.

Nikapiga magoti. Nikabonyeza.

Nyekundu.

Nilibonyeza kwa hasira yote niliyokuwa nayo. Nyekundu. Mtu wa tatu, nyekundu. Wa nne, nyekundu. Sista mwenyewe akavua viatu akajaribu, nyekundu. Hakuna aliyecheka. Kinoti alikuwa amesimama mlangoni anatazama godoro lililokuwa nje juani.

Jumanne, 25 Februari

Sista alimpigia mkufunzi simu na kuiweka kwenye spika. Mkufunzi aliuliza swali moja tu: dami mmemlaza wapi? Mama Kawira akajibu kutoka jikoni kwa fahari, "Kwa godoro, mwalimu, hai densiti!"

Mkufunzi akatueleza, taratibu, bila kutudharau. Kile kidude hupima kimeshuka kiasi gani kutoka juu kwenda chini. Hakijui kilichoshuka ni kifua au ni godoro. Ukimbonyeza mtu aliye kwenye godoro, mwili wote unazama, kifua kinabaki vile vile, na taa inawaka kijani. Mkono unadhani umefanya kazi. Damu haijasukumwa.

Tulijaribu. Godoro likarudishwa: kijani kwa kila mtu, bila shida. Godoro likaondolewa: nyekundu. Tukaweka ubao mgumu chini ya Mzee juu ya godoro, ikawa afadhali, lakini si sawa na simiti. Nilitazama vifungo vya shati kutoka pembeni wakati mwenzangu akibonyeza, kisha akanitazama mimi. Nilipobonyeza mimi juu ya godoro, vifungo vilikuwa vinaelea pia. Siku zote nilipopata kijani nilikuwa nabonyeza godoro.

Hakukuwa na ujanja. Kinoti alikuwa mdanganywa kama sisi, ila yeye ana nguvu zaidi, kwa hiyo alidanganywa zaidi.

Nilidhani ningejisikia vibaya kwa kumfikiria hivyo. Badala yake nilijisikia mtupu. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu wa kumlaumu.

Kinoti aliondoka katikati ya simu. Tulimkuta nyuma ya kituo ameegemea tangi la maji. Alikuwa ametapika. Sista akamwambia aende nyumbani apumzike.

Jambo hili limenitia shaka tena. Dami kulazwa kwenye godoro si sababu ya mtu kutapika.

Jumatano, 26 Februari

Sasa najua.

Kinoti alikuja mapema kabla ya wengine. Nilikuwa napima hewa ya magurudumu. Alisimama kando yangu kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Baba Makena, alikuwa kitandani."

Sikuelewa. Akasema tena. "Mama Makena. Kule Laare. Nilimkuta kitandani."

Akanieleza yote. Alipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kumwinua Karimi kutoka mlangoni. Walimpeleka chumba cha Nkirote na kumlaza kwenye kitanda chake kipya, godoro nene, shuka la maua. Walimvua viatu. Walimfunika miguu kwa leso. Chumba kilijaa watu wakiomba kwa sauti. Kinoti alijua afundishwavyo mtu, kwamba mgonjwa huwekwa chini. Alianza kumshika mabega amshushe. Mama mmoja mzee akamzuia mkono. Akamwambia, "We kijana, huyo ni mtu wa watu. Unataka kumtupa chini?"

Akaona aibu. Akambonyeza pale pale kitandani. Anasema alibonyeza mpaka mikono ikafa ganzi, na tangu siku hiyo hajui kwa nini nguvu zake hazikufika. Amekuwa akijiuliza kama alikuwa mdhaifu. Jana simu ilipokuwa kwenye spika alisikia jibu.

Aliomba kuhamia hapa ili siku moja aniambie alijaribu. Kila Ijumaa alikuwa anakuja na nduma na kushindwa kusema.

Nilikuwa bado nimeshika kipimo cha hewa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote. Nilipima gurudumu la mwisho. Nikamwambia limepungua hewa.

Alhamisi, 27 Februari

Kinoti amemwambia Sista hataki kwenda Karurumo. Amesema hafai. Sista aliniuliza mimi nionavyo. Kumbe hajui habari za Laare, anadhani ni aibu ya ile taa.

Ningesema neno moja tu na Kinoti angebaki. Wiki iliyopita ningelisema.

Nilimwambia Sista nitamjibu kesho.

Ijumaa, 28 Februari

Simu asubuhi. Mzee mmoja ameanguka shambani, si mbali na Ruiri. Tulipofika, wanawe walikuwa wamemwingiza ndani na kumlaza kitandani. Bila shaka. Nani angemwacha kwenye mahindi?

Nilimtazama Kinoti. Alisita mlangoni, nikaona uso wake. Kisha akaenda moja kwa moja na kusema, "Tusaidieni tumshushe sakafuni."

Mtoto mkubwa wa mzee akamjia juu. "Chini? Babangu ni mbwa?"

Mimi huwa sisemi mbele ya wagonjwa. Leo nilisema. Nilimwita "muthaka", kama tunavyomwita kijana kwa heshima, nikamwambia moyo wa babake unahitaji sakafu, kitanda tutampa baadaye. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akaachia. Tulimshusha sote pamoja, yeye akishika kichwa.

Kinoti alibonyeza. Nilikuwa karibu, nikatazama kifua, si mikono. Kilishuka. Kilirudi juu. Kilishuka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tulipokezana mpaka hospitali.

Mzee alifariki.

Daktari alisema tulifanya kila kitu sawasawa, lakini moyo ulikuwa umechelewa kupata msaada. Kinoti alikaa kwenye ngazi ya hospitali. Nilikaa naye. Nikafikiri: sakafu ngumu, mikono mizuri, kifua kimeshuka ninavyojua mimi, na bado. Kwa hiyo hata Karimi angelazwa kwenye simiti, sijui. Hakuna atakayenipa jibu hilo. Nimekuwa nikimtafuta mtu aliyenificha jibu, na hakuna aliyekuwa nalo.

Nilimwambia Sista kwamba Kinoti aende Karurumo. Nduma za leo nimezila.

Jumatano, 5 Machi

Karurumo. Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Bodaboda wengi, jaketi zao za kung'aa, na akina mama wahudumu wa afya. Tumefika na Mzee katika shati lake. Kinoti ametoa vichekesho vyote anavyovijua, kisha akaweka kidude.

Ulipofika wakati wa kupiga magoti, mama mmoja alikunja kanga yake ikawa mto, akataka kuutia chini ya mgongo wa Mzee. Akina mama wenzake wakamuunga mkono. Bodaboda mmoja akapayuka kutoka nyuma:

"Mletee na blanketi, mathee! Na chai!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Kinoti akanitazama. Nikaelewa kwamba sehemu hiyo ni yangu.

Nilisimama. Sijazoea. Niliwaambia kwamba kumwinua mtu ni heshima na sisi sote tumelelewa hivyo. Niliwaambia heshima ya mtu ambaye moyo wake umesimama ni sakafu. Kisha nikawaonyesha kwa godoro la chumba cha mlinzi: taa kijani, lakini tazameni vifungo. Wakainama kutazama. Yule bodaboda alikuwa wa kwanza kuona. Hakucheka tena. Alisema polepole, "Kumbe." Alisema tena. Nadhani alikuwa anamkumbuka mtu.

Njiani kurudi Kinoti alilala. Nilipunguza mwendo kwenye matuta.

Alhamisi, 6 Machi

Laare ni wiki ijayo. Darasa litakuwa sokoni, na Nkirote atakuja, amekwisha kuniambia kwa simu. Anataka kujifunza. Anasema hataki tena kusimama tu akitazama.

Atasikia habari za godoro mbele ya watu wote. Ataelewa papo hapo. Nkirote si mjinga.

Nilifikiri tufundishe bila kutaja godoro. Haiwezekani. Hilo ndilo somo lenyewe. Nilifikiri nimwambie darasa limeahirishwa. Huo ni uongo, na kesho yake ataambiwa na muuza ndizi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Laare peke yangu. Wauza miraa walikuwa wamejaa barabarani, pikipiki zimebeba mafungu yaliyofungwa kwa majani ya ndizi. Nkirote aliniwekea chai na mukimo wa viazi kabla sijakaa.

Nilimwomba anionyeshe chumba. Shuka la maua lilikuwa pale pale. Nikakaa kwenye kiti, si kitandani, nikamwambia. Sikuzunguka sana. Nilimwambia habari za Mzee, taa, godoro. Nilimwambia pia juu ya yule mzee wa Ruiri tuliyemlaza sakafuni na hakupona. Nilitaka yote mawili yaingie pamoja.

Alisikiliza bila kusonga. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni mimi?"

"Hakuna anayejua. Hata daktari hajui."

"Ningemwacha mlangoni kama gunia? Karimi?"

"Hapana."

"Wewe ungefanya nini, Baba Makena?"

Nilimwambia ukweli. Ningemwinua. Ningemchukua mikononi, ningemtafutia kitanda kizuri kuliko vyote nyumbani, na ningemvua viatu.

Alilia. Nililia pia, mara ya kwanza mbele ya mtu. Baadaye aliniambia jambo ambalo sikulijua. Wakati wanambeba, kiatu kimoja cha Karimi kilianguka uani, na mwanamke mmoja alirudi kukiokota, akakifuta vumbi kwa nguo yake, kabla ya kukiweka chini ya kitanda karibu na kingine.

Aliuliza habari za yule kijana. Alisema neno lile la chapati limemsumbua. Nikamwambia ataonana naye wiki ijayo, amwambie mwenyewe. Amesema atampikia.

Jumamosi, 15 Machi

Darasa la Laare lilikwenda vizuri juzi. Nkirote alipiga magoti mbele ya watu na kupata kijani kwenye lami. Kinoti alikula chapati nne.

Leo sina zamu. Wanasema mvua itaanza wiki ijayo. Karimi alikuwa anatoa godoro letu juani kila Jumamosi kabla ya mvua za masika, analiegemeza kwenye ua, analichapa kwa mwiko mkubwa huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili tu, kana kwamba wengine wanaimba sauti ya kwanza mahali fulani. Tangu afe sijalitoa.

Nimelitoa. Ni zito kuliko nilivyokumbuka. Limekwisha kubonyea pande mbili, upande wangu na upande wake. Nimelichapa. Vumbi jingi.

Jioni Kinoti amepita akitoka kazini, na mfuko wa nduma. Hakuuliza chochote. Alishika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukalirudisha ndani likiwa bado na joto.